Gofu Linaloota Majani: Siku Yako ya Kwanza Nyanza, Ukitokea Kacyiru

Uko Kacyiru, mitihani imeisha, na mwalimu wa historia amekutaka uandike kuhusu mahali pa kale ulipopaona kwa macho yako mwenyewe. Wenzako wanatazama video za mahekalu ya India na kutamani. Wewe vaa viatu. Nyanza, makao ya mwisho ya wafalme wa Rwanda, iko kusini, kilomita zipatazo 90 kutoka Kigali. Siku moja inatosha kwenda, kuona na kurudi kabla ya chakula cha usiku.

Nitakupangia siku nzima kama ningempangia mdogo wangu. Lakini kwanza shika jambo moja, maana usipolishika utarudi umevunjika moyo: usiende kutafuta mawe.

Wafalme wa Rwanda hawakujenga kwa mawe. Walijenga kwa miti na nyasi, na kwa vizazi vingi walikuwa wakihama na makao yao kutoka kilima hadi kilima. Nyumba zilioza. Kilichobaki ni uzio. Nguzo za uzio zilikuwa matawi ya umuvumu, mti ulio ndugu wa mkuyu. Tawi la umuvumu ukilikata na kulisimika ardhini, linatoa mizizi. Mfalme akishahama, nguzo za ua wake zinaendelea kukua bila yeye. Vizazi vinapita, halafu siku moja unapanda kilima na kukuta miti minene imesimama kwa mpangilio, katikati hakuna nyumba, hakuna hata kigae. Kwa Kinyarwanda mahali hapo panaitwa ikigabiro. Hilo ndilo gofu letu, na linaota majani.

Ukilielewa hilo, umeshawashinda wageni wengi wanaofika Nyanza, wakatazama nyumba, wakaipa miti kisogo.

Anza jana yake. Nenda Maktaba ya Umma ya Kigali, hapohapo Kacyiru, ile iliyofunguliwa mwaka 2012. Saa mbili za mchana zinatosha. Usijaribu kusoma historia yote ya Rwanda. Chagua wafalme watatu tu, uwaandike kwenye ukurasa mmoja wa daftari.

Wa kwanza ni Yuhi V Musinga. Yeye ndiye aliyetulia Nyanza tangu mwaka 1899, akakomesha desturi ya kuhamahama. Wabelgiji walimwondoa madarakani Novemba 1931, wakampeleka Kamembe na baadaye Moba, upande wa Kongo. Alifia huko mwaka 1944. Wa pili ni mwanawe, Mutara III Rudahigwa, aliyetawala kuanzia 1931 mpaka alipofariki ghafla Bujumbura tarehe 25 Julai 1959. Wa tatu ni Kigeli V Ndahindurwa, ndugu yake Rudahigwa kwa baba. Huyu aliishi uhamishoni miaka mingi, akafariki Marekani mwaka 2016, na akazikwa Nyanza Januari 2017. Ukiwa na watatu hawa kichwani, kila utakachoonyeshwa kesho kitakuwa na mwenyewe.

Ukibakiwa na nusu saa, ulizia maandishi ya Padri Alexis Kagame (1912–1981). Aliishi karibu na watu wa baraza la mfalme, akaandika yaliyokuwa yakihifadhiwa vichwani na abiru, walinzi wa siri na taratibu za ufalme. Kazi yake mojawapo, Inganji Karinga, inabeba jina la ngoma kuu ya ufalme. Soma kurasa chache tu. Lengo ni kufika ukijua kwamba huku kwetu maktaba ilikuwa watu.

Kabla ya kuondoka maktabani, andika maswali matatu ambayo kitabu hakikuyajibu. Yawe madogo na ya mahali penyewe. Mlango wa nyumba ya mfalme unatazama wapi? Maji yalitoka wapi? Mgeni alisubiri wapi kabla ya kuitwa? Maswali makubwa kama "ufalme ulikuwaje?" yaache nyumbani. Hayajibiwi na mtu aliyesimama uani.

Sasa angalia kalenda. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni Umuganda, na kuanzia saa 2 mpaka saa 5 asubuhi magari hayatembei. Siku hiyo nawe una kazi ya kufanya mtaani kwako. Usipange safari pia katika juma linaloanza tarehe 7 Aprili. Hilo ni juma la maombolezo ya nchi nzima. Siku nzuri kuliko zote ni siku ya kazi katikati ya juma, miezi ya Juni hadi Agosti, wakati mvua zimekatika na nyasi hazitelezi. Ukilazimika kwenda masika, chukua koti la mvua na uwahi zaidi, kwa kuwa mvua hupenda kuja mchana.

Begi liwe jepesi. Daftari, kalamu mbili, penseli moja ya kuchorea. Chupa ya maji. Sweta, maana Nyanza asubuhi ina baridi. Kofia, maana saa sita jua linachoma kwelikweli. Kitambulisho chako na kadi ya shule. Kiingilio cha mwanafunzi si sawa na cha mtalii, na bila kadi hutakuwa na la kusema dirishani. Vitu vyako vifunge kwenye mfuko wa nguo au wa karatasi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2008, nawe unajua.

Viatu ni vya kufunika vidole na vyenye soli inayoshika. Utapanda na kushuka. Nguo ziwe za heshima: unakwenda kwenye kaya ya wafalme, na baadaye makaburini. Simu ijae chaji na MoMo iwe na akiba, lakini weka na noti ndogondogo mfukoni.

Toka Kacyiru saa 12 asubuhi. Panda basi au pikipiki mpaka gare ya Nyabugogo. Pale utaitwa na watu watano kwa mpigo. Usisimame katikati ya uwanja ukishangaa. Nenda moja kwa moja kwenye dirisha la tiketi za kusini. Uliza swali moja tu: gari hili linaingia Nyanza mjini? Magari mengi ya Huye yanapita barabara kuu na kukushusha njia panda, nawe utalazimika kutafuta pikipiki nyingine. Linaloingia mjini litakuokolea muda na hela. Kata na tiketi ya kurudi kama wanakuruhusu, ya saa 10 alasiri.

Omba kiti cha dirishani, na usilale. Safari ni ya saa mbili hivi, na darasa linaanza humo garini. Mkishatoka Kigali tu mtavuka Nyabarongo, mto mwenye maji ya rangi ya udongo. Kisha Kamonyi, Muhanga, Ruhango. Mkifika pande za Ruhango, mwombe jirani yako akuonyeshe Urutare rwa Kamegeri, mwamba ulio kandokando ya barabara. Masimulizi yanasema Kamegeri alikuwa mtu mkubwa wa baraza wakati wa mfalme Mibambwe Gisanura. Alishauri wakosaji wachomwe juu ya mwamba uliokolezwa moto. Mfalme akauliza kama mwamba umeshapata moto sawasawa, akaamuru Kamegeri mwenyewe alazwe juu yake. Muulize jirani asimulie kwa namna yake. Utashangaa jinsi gari zima linavyoingilia kati kusahihisha. Andika tofauti za masimulizi. Hizo ni mali. Usishuke lakini. Mwamba utakusubiri siku nyingine.

Ukifika mjini, panda pikipiki mwambie dereva "Rukari", ndipo yalipo makao ya mfalme. Ni mwendo mfupi. Vaa helmeti, mpatane bei kabla hujakaa.

Mlangoni salimia kwanza, ndipo uulize bei. "Mwaramutse" asubuhi, "mwiriwe" baada ya saa sita, na "murakoze" kwa kila jambo dogo. Hata kama Kinyarwanda chako ni cha kuombea maji, kitumie. Kisha sema wazi: mimi ni mwanafunzi, hii ni mara yangu ya kwanza, nina maswali matatu. Mwongozaji akijua una maswali, atatembea nawe kwa namna nyingine kabisa. Muulize anapendelea lugha gani, umfuate.

Uliza kuhusu picha kabla hujatoa simu. Kuna mahali utaruhusiwa na mahali utakatazwa, hasa ndani ya nyumba. Ukikatazwa, usibembeleze.

Safari yangu ya kwanza nilipiga picha nyingi mno. Niliporudi, mwalimu akaniuliza mlango wa msonge unatazama upande gani. Sikujua. Nilikuwa na picha nne za mlango huohuo, lakini miguu yangu haikuwa imesimama pale. Tangu siku hiyo nina sheria: dakika kumi za kwanza mahali popote pa kale, simu inabaki begini.

Sasa ingia uani. Mbele yako ni msonge mkubwa wa nyasi, umefumwa kutoka chini mpaka kileleni kama kikapu kilichofunikwa. Usikimbilie ndani. Zunguka nje kwanza, pole pole, mzunguko mmoja kamili. Hesabu hatua zako uziandike. Kisha nenda mlangoni, uiname, uingie, na usimame palepale. Giza litakuziba. Hesabu mpaka sitini. Mnamo thelathini utaanza kuona nguzo. Mnamo hamsini utaona kuta za ndani zilizosukwa, zinavyogawa nyumba: hapa pa kuketi na wageni, kule pa kulala. Mpaka sitini utakuwa umeanza kusikia harufu ya nyasi kavu, na sauti za nje zimefifia kama umefunikwa blanketi. Wengi huchungulia, wakasema "giza," wakatoka. Hawakuona kitu.

Ukiwa bado humo ndani, uliza swali litakalokusaidia katika kila sehemu ya kale utakayokwenda maishani: kipi hapa ni cha zamani hasa, na kipi kimejengwa upya? Usione haya kuuliza. Mwongozaji mzuri hulifurahia. Hapa Rukari atakwambia kwamba msonge umejengwa upya kwa ufundi wa zamani, kuonyesha makao ya mfalme yalivyokuwa, na nyasi zake sharti zibadilishwe zinapochakaa. Nyumba ile ya matofali uliyoiona hapo nje ndiyo ya asili, aliyoishi Rudahigwa tangu miaka ya 1930. Andika vyote viwili kwa usahihi. Msonge uliojengwa upya haukosi thamani. Mikono inayojua kuufuma ndiyo urithi wenyewe. Ila ukiandika kwamba umegusa nyasi za Musinga, utakuwa umedanganya.

Nyuma ya msonge mkubwa kuna misonge midogo miwili. Mmoja ni wa maziwa, na mtunzaji wake alikuwa msichana asiyeolewa. Mwingine ni wa pombe, nao ulitunzwa na kijana asiyeoa. Kaa kwenye ule wa maziwa. Tazama vibuyu na vyombo vya mti vilivyopangwa, kila kimoja na kifuniko chake kilichosukwa. Chora kimoja. Kimoja tu, kwa penseli, hata kama hujui kuchora. Mkono unapolazimika kufuata mzingo wa chombo, jicho linaona mahali kilipolainishwa na viganja. Picha ya simu haitakuonyesha hilo.

Kisha utawasikia inyambo kabla hujawaona. Hawa ni ng'ombe wa kifalme wenye pembe ndefu, na wachungaji wao huwaimbia. Simama mbali uliposimamishwa. Usiende kwa nyuma, usinyooshe mkono, subiri uitwe. Nilimwona mchungaji mmoja akiimba kwa sauti ya chini, karibu kunong'ona, fimbo yake ikiwa imelala tu begani. Ng'ombe akainua kichwa, pembe zikapanda hewani pana kuliko mikono yangu miwili nikiinyoosha. Kisha akaja hatua kwa hatua mpaka kwake, akasimama, akashusha kichwa kana kwamba ameambiwa. Muulize mchungaji jina la ng'ombe na anachomwambia. Kuwasifu ng'ombe kwa ushairi ni sanaa ya zamani Rwanda, inaitwa amazina y'inka, na huyo aliye mbele yako ni mmoja wa wanaoibeba. Hapa toa simu kama umeruhusiwa, urekodi sauti. Hicho ndicho kitu pekee ambacho daftari haliwezi kukushikia.

Nyumba ya Rudahigwa iendee mwisho. Ukitoka kwenye msonge ukaingia humo, hatua chache tu, umevuka kutoka dunia ya baba hadi ya mtoto: kuta zilizonyooka, madirisha, vyumba vyenye kazi yake kila kimoja. Usisikilize majina ya samani tu. Tafuta mahali ambapo mambo mawili yanakutana: desturi ya zamani ndani ya chumba kipya. Ukiipata moja, una aya nzuri ya insha yako.

Sasa yale niliyokuambia mwanzoni: miti. Toka, mshukuru mwongozaji, umwombe akuonyeshe mti mkubwa wa umuvumu ulio karibu. Ukumbatie mti. Kweli kabisa, mikono yako ndiyo futi yako. Ukihitaji watu watatu kuuzunguka, andika "mikumbatio mitatu". Gusa gome. Humo ndimo kilimotoka kitambaa cha zamani, impuzu, nguo iliyopondwa kwa nyundo kutoka gome la mti huu, kama Waganda wanavyotengeneza lubugo mpaka leo.

Kisha rudi nyuma hatua hamsini, utazame mpangilio. Miti iliyojipanga mstari au kujipinda kama upinde inaweza kuwa uzio. Miwili mikubwa inayotazamana, na nafasi kati yake, inaweza kuwa nguzo za lango. Nasema "inaweza" kwa makusudi, maana hata kaya za kawaida zilipanda imivumu, si wafalme peke yao. Mti haukupi jawabu. Unakupa swali la kumuulizia mzee wa hapo. Ukimpata, salimia, mpe muda, umuulize: mahali hapa paliitwaje zamani? Jina la mahali mara nyingi hudumu kuliko nguzo.

Tafuta pia umuko, mti wa maua mekundu. Kama ulitamani hekalu, hili ndilo la karibu zaidi utakalolipata. Masimulizi yanasema Ryangombe, shujaa mwindaji, alirushwa na nyati, na mti wa umuko ndio uliompokea. Waliomwabudu walikusanyika chini ya mti huo. Hawakuweka ukuta wala dari. Kwa hiyo ukiukuta, usivunje tawi, usichonge jina lako, usikojoe hapo. Chukulia kama umeingia mahali pa ibada.

Miti hii ndiyo inayotutofautisha na magofu ya wenzetu. Gedi, pale pwani ya Kenya karibu na Malindi, pia imejaa miti. Mizizi imekumbatia kuta za mawe ya matumbawe. Lakini kule miti ilikuja baada ya watu kuondoka, na ilibidi James Kirkman aanze kufyeka na kuchimba mwaka 1948 ndipo mji uonekane. Huku kwetu ukifyeka miti umefyeka gofu lenyewe. Ukimsikia mtu anataka kukata imivumu ya kilima fulani apate kuni, muulize kwanza kama anajua ilipandwa na nani.

Saa saba, kula. Nyanza ina sifa ya ikivuguto, maziwa mgando mazito ya baridi. Agiza bilauri kubwa na mandazi mawili. Baada ya asubuhi nzima ya kusikia habari za maziwa ya mfalme, bilauri hiyo nayo ni somo. Usile sana, bado kuna kilima.

Kilima hicho ni Mwima, yalipo makaburi. Hapo amelala Rudahigwa, na mkewe, malkia Rosalie Gicanda, aliyeuawa Aprili 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Hapo pia ndipo alipozikwa Kigeli V. Vua kofia. Zima sauti ya simu. Usipige picha ya kujionyesha. Simama kimya dakika mbili, usome majina na tarehe, uyanakili kwa mkono.

Na hili nakuomba kwa moyo wote: popote utakapokuwa siku hiyo, usimuulize mtu kabila lake, wala usimchokonoe mzee kuhusu 1994 ili upate cha kuandika. Akianza mwenyewe, sikiliza, usimkatize, usirekodi bila ruhusa. Ukitaka kujifunza habari hizo, kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya Gisozi iko jirani na Kacyiru. Itengee siku yake, na uiendee kwa utaratibu wake.

Ukiwa Mwima, uliza Rwesero iko upande gani. Ni jumba lililojengewa Rudahigwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Alifariki kabla hajahamia. Litazame kwa mbali tu siku ya kwanza. Vilevile usishawishike kuongeza Huye na makumbusho yake makubwa ya utamaduni. Yanataka nusu siku peke yake, na ukiunganisha vyote utarudi na vipande vya kila kitu.

Vijana wengi kutoka Rwanda husoma India, na huenda siku moja ukawa mmoja wao. Ukifika huko, nenda Hampi, katika jimbo la Karnataka, uliokuwa mji mkuu wa dola ya Vijayanagara mpaka ulipovamiwa na kubomolewa mwaka 1565. Hapo mawe yapo ya kutosha. Fanya vilevile: zunguka kwanza, simu begini, uliza kipi ni cha kale na kipi kimekarabatiwa. Hekalu la Virupaksha bado lina waumini, kwa hiyo utavua viatu mlangoni na kufunika mabega na magoti. Nenda alfajiri, kabla majabali hayajaanza kutoa joto. Na wenyeji wakikuuliza magofu ya kwenu yakoje, utakuwa na la kuwaeleza kuhusu nguzo zilizoota mizizi.

Saa 10 alasiri uwe garini. Fungua daftari kabla gari halijafika Muhanga. Baada ya hapo usingizi utakushinda, na kesho nusu ya ulichoona itakuwa imekwenda. Usiandike insha. Andika vitu: hatua ulizohesabu, upande wa mlango, jina la ng'ombe, maneno ya jirani yako kuhusu Kamegeri. Rudi kwenye maswali yako matatu, weka alama kwenye lililojibiwa. Lile lisilojibiwa lizungushie duara. Insha yako ianzie hapo.

Kesho yake asubuhi, ukitoka kwenda dukani hapo Kacyiru, inua macho. Tafuta umuvumu mmoja mtaani kwenu, uliobanwa kati ya ukuta na barabara. Muulize mtu mzima kuliko wote unayemfahamu hapo: mti huu aliusimika nani, na ulikuwa ua wa nani?